Mwenye Jaketi Jekundu Si Mimi

Ngamiani, Tanga
Jumanne usiku

Mgosi Kombo,

Assalaam aleikum. Huku wazima, mama mzima, watoto wazima, mvua ilinyesha juzi ikakatika, embe bado. Salamu zako kwa Bi. Tatu nilizifikisha, akajibu, "Mwambie alirudishe sinia langu." Hilo mtamalizana wenyewe.

Nakuandikia kwa kalamu, usicheke. Simu yangu siku hizi inasomwa na nyumba nzima. Nikiingia kuswali, Salha ananijibia meseji, na anajibu vizuri kuliko mimi. Hili ninalotaka kukwambia silitaki lisomwe na mtu mpaka nijue nalifanya nini. Kwa hiyo barua nampa konda wa basi la alfajiri pamoja na kifurushi. Nazi ni sita. Ukizikuta tano, muulize yeye.

Jambo lenyewe ni ile picha.

Ile uliyoirusha kwenye kundi letu Jumapili ile, ukaandika chini yake "Mwalimu Sefu juu ya Mlima wa Mungu, Ol Doinyo Lengai, Tanga oyeee!" Mtu kasimama ukingoni mwa shimo, katupa mgongo, jaketi jekundu la timu yetu ya Coastal Union, mvuke unapanda mbele yake. Picha nzuri, sikatai. Ila yule si mimi, Kombo. Yule ni kijana wetu wa Singida, niliyepanda naye. Wakati ile picha inapigwa mimi nilikuwa chini yao huko, nimekaa kitako, nimekumbatia jiwe.

Najua unavyosema hapo ulipo: mbona hukusema siku ile ile? Ngoja nikukumbushe. Wewe na goti lako mlibaki Mto wa Mbu. Sisi tukarudi usiku, weupe kwa vumbi na majivu kama watu wa kiwanda cha saruji, ukatupokea mlangoni na jagi la maji, ukauliza, "Mmefika?" Kijana akajibu, "Tumefika." Mimi wakati huo nilikuwa nakunywa maji. Basi, ndipo lilipoanzia hapo. Nilikunywa yale maji muda mrefu kuliko kiu yenyewe, na nilipoweka kikombe chini mlikuwa mmeshahamia kwenye habari za barabara ya Engaruka na springi ya gari iliyokatika.

Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake nikapanda basi. Nafika stendi ya Kange, nakuta Ndege na wenzake wananisubiri na bendera ya timu. Bendera, Kombo! Ati jezi yetu imefika kwa Mungu. Tangu tuchukue ubingwa mwaka 1988 watu hawa wanatafuta cha kuringia, na sasa wamenipata mimi. Kijiweni barabara ya 12 nimekunywa kahawa wiki nzima bila kutoa senti, kashata juu. Mtu mmoja tu ndiye aliyekunja uso, Kitwana, na unajua yeye ni African Sports tangu tumboni mwa mamaye. Kaishika simu, kaivuta ile picha kwa vidole viwili, kasema, "Mwalimu Sefu ana kisogo cha namna hii?" Watu wakamzomea. Wivu, wakasema. Timu yako haijapanda hata kichuguu. Nami nikacheka pamoja nao. Yaani mji mzima, aliyesema kweli ni Kitwana, na mimi nikamcheka.

Sasa ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana hata wewe hujui.

Tuliondoka kambini Ngare Sero saa tano usiku. Gari likatusogeza mpaka njia ikaisha, tukawasha tochi. Maji kila mtu kabeba yake, mlima ule hauna hata tone. Mwanzo ni nyasi tu, ndefu, unaona ni matembezi. Halafu nyasi zinakwisha unaingia kwenye majivu ya kijivu yaliyochimbwa na maji ya mvua, makorongo membamba ya kina cha kiuno, unatembea ndani yake kama siafu kwenye mstari. Na mlima wenyewe hauzunguki, mgosi. Njia za Usambara zinakupindisha pindisha, unapumzika kwenye kona, unatazama migomba ya watu. Ule unapanda moja kwa moja, kama ukuta uliolazwa kidogo. Mimi na mabuti yangu ya mtumba niliyoyapigia mnada kwa fahari, kiongozi wetu na katambuga za tairi na rungu. Kila nilipomuuliza bado kiasi gani, alijibu "karibu". Saa sita za usiku, karibu. Saa tisa, karibu. Nikaacha kuuliza.

Lakini nilikuwa na furaha, usidhani. Miaka kumi na sita nimeuchora mlima huu ubaoni. Koni, bomba katikati, mdomo juu, mishale. Nawaambia watoto: mita 2,962, andikeni. Nawaambia volkano hii haina mwenzake duniani, maana lava yake ni magadi. Haiwaki nyekundu mchana kama za kwenye vitabu vya Wazungu. Inatoka nyeusi, nyepesi, utadhani oili chafu iliyomwagwa gereji, joto lake nyuzi 500 na kitu, nusu tu ya lava za kawaida, na ikishapata unyevu inageuka nyeupe. Nawatajia miaka: 1917, 1940, 1966, 1983, 2007. Wananakili. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinicheka chumba cha walimu, ati nauza samaki ambaye sijamvua. Basi usiku ule, kila hatua nilikuwa nasema moyoni, sasa namvua.

Ilipokaribia saa kumi na moja tukapita kati ya miamba miwili myeupe, imesimama kama miimo ya mlango. Baada ya pale majivu yanakwisha. Panakuwa pagumu, kama saruji iliyomwagwa mteremkoni ikaganda, na unapandia mikono. Harufu kama ya kiberiti kilichozimwa puani. Nikaweka mguu wa kushoto, nikatafuta pa kuweka wa kulia, jiwe likachomoka. Dogo tu, kama dafu. Likashuka. Nikalisikia linagonga. Kimya. Linagonga. Kimya. Linagonga tena, mbali zaidi. Sijui kwa nini nikaanza kuhesabu. Nilifika kumi na moja, na bado nilikuwa nalisikia.

Mgosi, miguu ilianza kutetemeka yenyewe, kama kanyagio la cherehani mtu akiwa na haraka ya sikukuu. Niliiamuru isimame, haikusikia. Nikakaa. Nikakumbatia lililokuwa karibu. Kiongozi akarudi, akachuchumaa mbele yangu, akanimulika miguu badala ya uso, Mungu ambariki kwa hilo, akasubiri. Kijana akasema, "Mwalimu, bado kidogo tu, mita mia mbili na ushei." Nikasema nendeni, nitawasubiri hapa.

Naye meno yalikuwa yanagongana, kaja na fulana mtoto wa watu, kadhani bonde lote ni joto. Nikavua jaketi nikampa. Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize, maana hili sijamwambia mtu. Kila mtu angesema nilimwonea huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini nilipokuwa namfungia zipu nilikuwa nasema, angalau kitu changu kifike. Unaona? Ile picha mimi niliianza kabla hawajaipiga.

Wakaenda. Mdogo wake kiongozi akabaki na mimi. Akajifunika shuka, akalala palepale mteremkoni usingizi wa mtu aliyeko kwao. Nami nikatoa kikoi begani nikajitanda kama bibi anayeota moto.

Jua sikuliona likitoka, lilikuwa upande wa pili wa mlima. Nilichokiona ni kivuli. Ukuta wa Bonde la Ufa uko ng'ambo, upande wa magharibi, mrefu unaokata jicho, na kulipopambazuka juu yake pakachorwa pembetatu. Nyeusi, imenyooka, kama mtu kaipiga rula. Nikajiuliza nini kile, halafu nikaelewa: ni huu huu niliokalia. Ncha ya ile pembetatu ndiyo kilele, na mimi niko ndani ya weusi wake. Nikawa natazama ile ncha, nikasema wale wawili sasa wako pale, kwenye ule ukuta, kilomita zote zile. Kisha kivuli kikaanza kurudi. Polepole, kinashuka ukutani, kinavuka tambarare kuja kwetu, na kila kinapopaacha panageuka rangi ya asali. Kaskazini ziwa Natron limelala na wekundu wake na kingo nyeupe za magadi. Heroe nilizitafuta, kwa umbali ule huzioni, unaona waridi tu kama mtu kamwaga sharubati.

Nimefundisha jiografia miaka yote hiyo, kivuli cha mlima hakimo kwenye mtaala. Na toka nirudi hakuna aliyeniuliza habari zake. Wote wanauliza shimo. Nitaanzaje kuwasimulia kivuli bila kusema nilikuwa nimekaa wapi?

Kushuka sitakueleza sana. Jua linakuchoma kisogo, magoti yanalia, majivu yanateleza unakaa kitako kila hatua kumi. Soli ya mguu wa kulia ilibanduka yote, ikawa inapiga piga kama ulimi wa mbwa. Nikakumbuka ule mkate wa kumimina wa mama aliokuwa kaufunga kwa kamba ya katani. Kiongozi akafungia soli kwa kamba ile, mara tatu kwa chini, fundo juu. Ikafika mpaka kwenye gari. Katani yetu hiyo, waambie huko Arusha wanaojifunga na nailoni.

Sasa kuhusu kiatu. Mwanaidi aliniuliza usiku wa kwanza, taa imeshazimwa: "Kweli ulifika?" Unajua sauti yake ile. Nikamwambia, kiatu kilikatika karibu na juu, ikabidi nisimame. Kombo, kiatu kilikatika kwenye kushuka. Umenielewa? Mkewe mtu, gizani, na bado nikatafuta soli ya kujifichia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mwambie mama," akageukia ukutani.

Mama sijamwambia. Nitamwambiaje? Ijumaa kasomesha dua, kaita watoto wote wa madrasa, kapika pilau la kuku wanne, majirani wamekuja na mikeka. Nilijituliza kwa kusema dua ilikuwa ya kumshukuru Mungu kwa kurudi salama, na kurudi nimerudi, hapo hakuna uongo. Lakini pilau halikupita vizuri. Halafu kile kipande cheupe nilichookota chini kule, nilichotaka kukipeleka darasani? Mama kakiramba. Wallahi, mbele yangu. Kakishika, kakinusa, kakiramba. "Magadi haya," kasema, "ndiyo uliyofuata huko, na dukani yamejaa?" Miaka kumi na sita ya kufundisha, yeye kamaliza kwa ulimi. Tangu juzi silioni lile jiwe, na jana maharage yaliiva upesi sana. Sijauliza.

Haya yote ningeweza kuyabeba. Kijiwe kingechoka, kingepata habari nyingine. Lakini shuleni, mgosi. Alhamisi niliingia kidato cha pili, wakasimama wakanipigia makofi. Kuna binti mmoja anakaa mbele, mkimya, anaandika kila neno mpaka kikohozi chako. Kanyoosha mkono: "Mwalimu, ulipochungulia, ulisikia sauti gani?"

Nikamjibu, kama uji unaochemka kwenye sufuria nzito, kwa ndani.

Hayo ni maneno ya kijana wa Singida, alituambia ndani ya gari. Alisema pia kwamba ukingo hauko kama kwenye picha yetu ya darasani, ile ya zamani ambapo pamejaa mpaka juu na watu wanatembea ndani kama uwanjani. Baada ya kulipuka 2007, baada ya lile tetemeko la Julai lililosikika mpaka Nairobi, pale katikati pametoboka. Sasa ni shimo, kuta zimesimama wima, unachungulia kwa tumbo. Yote nikamweleza yule binti kama langu. Akaandika kwenye daftari. Nikaona akipigia mstari kwa rula, "kama uji unaochemka". Nimesahihisha madaftari maelfu, lile siwezi kulishika.

Na mkuu kanipangia Jumatatu ijayo nisimame paredi, shule nzima, nieleze safari. Wameshachora mlima kwenye kitambaa na mtu mwekundu juu yake.

Nilipoanza barua hii nilikuwa nataka kukuomba unyamaze. Nikwambie ukweli wewe peke yako nipumue, na tuuzike. Nilitaka hata kukuomba uifute picha kimyakimya. Lakini nimefika ukurasa wa nne naona kwamba ukiifuta Kitwana atajua, na kama hukuifuta nitaiona kila siku. Kwa hiyo naomba kinyume chake, na naomba ufanye upesi kabla sijabadilika tena, maana najijua.

Namba ya kijana unayo wewe. Mwombe picha yake nyingine ya pale juu, ya uso. Lazima anayo, vijana hawa hawapigi moja. Awe amevaa lile lile jaketi. Uirushe kwenye kundi, useme tu: huyu ndiye aliye kwenye ile picha. Usinitetee, usiweke habari za kiatu, usiseme mwalimu aliumwa. Kwanza mimi sikuumwa. Ukiirusha Jumamosi jioni nitakuwa nimeshamwambia mama asubuhi yake, naapa, na Jumapili mji utafanya unavyotaka, na Jumatatu nitasimama paredi niwasimulie nilikofika. Miamba miwili myeupe, jiwe, mpaka kumi na moja. Na kivuli. Nadhani yule binti atakitaka kivuli. Sina hakika. Labda wataniona mzee mwoga. Wewe unaonaje, watacheka?

Ndege na bendera yake ndiye ananiumiza kichwa. Au nimwambie kwamba jezi imefika kweli, ila imekwenda na mtu wa Singida? Kwake yeye huenda ikatosha.

Goti linaendeleaje? Ulirudi kwa yule bibi wa kukanda au unaendelea kumeza vidonge? Springi mlipata? Kijana alijibiwa ile kazi yake, maana siku ile alikuwa na wasiwasi hata wa kula? Na jaketi, atalituma au abaki nalo? Mimi sijui nataka lipi. Muulize yeye anataka lipi. Yule kiongozi nilimwahidi kamba ya katani, nimeweka mafungu mawili kwenye kifurushi, je, utapata mtu wa kuyafikisha Ngare Sero? Na lingine nauliza polepole: goti likipona, mwakani, ungekubali twende wawili mpaka kwenye ile miamba myeupe tu? Tukae pale. Chai tutabeba.

Sinia la Bi. Tatu lirudishe, ananisumbua mimi.

Kitwana usimwambie chochote. Nitamwambia mwenyewe, na kahawa siku hiyo nalipa mimi.

Ndugu yako,
Sefu